Zaburi 44:22, "kama kondoo wa kuchinjwa": maswali mnayoniuliza kila mara

Wapendwa, tangu tuanze kuusoma huu mstari kwenye kikundi chetu cha Alhamisi maswali yamekuwa mengi mpaka yanajirudia, wengine wananiuliza njiani, wengine wananitumia voisi saa nne usiku, kwa hiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja. Sijayapanga kwa utaratibu wowote, nimeyaacha yafuatane kama yalivyokuja.

Mwalimu, mstari wenyewe hasa unasemaje?

Kwa Kiebrania ni: *ki aleikha horagnu khol hayom, nehshavnu ketson tivhah*. Nikiutafsiri mwenyewe neno kwa neno unakuja hivi: "Maana kwa ajili yako tumeuawa mchana kutwa, tumehesabiwa kama kondoo wa kuchinjwa." Biblia yako inaweza kutofautiana kidogo na hapo, usiogope, maana ni ileile.

Nimefungua apu ya Biblia ya Kiebrania nikakuta mstari wa 22 ni mwingine kabisa, nimekosea wapi?

Hujakosea. Kwenye Kiebrania kile kichwa cha zaburi ("kwa mwimbishaji, ya wana wa Kora") kinahesabiwa kuwa mstari wa 1, kwa hiyo kila kitu kinasogea namba moja mbele na wetu unakuwa wa 23. Na ukifungua tafsiri ya zamani ya Kigiriki utakuta zaburi nzima ni ya 43, manake wao waliunganisha Zaburi 9 na 10 kuwa moja. Tafuta kwa maneno, usitafute kwa namba.

Mi sijui Kiebrania hata herufi moja, nitajifunzaje huu mstari?

Ndugu yangu, we unayeongea Kiswahili umeshafika nusu ya safari bila kujua. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kimebeba maneno mengi sana ya Kiarabu, kwa hiyo kuna maneno humu ndani ni kama jamaa wa mbali wa maneno unayoyasema kila siku.

Chukua *nehshavnu*, tumehesabiwa. Mzizi wake ni h-sh-b, na ndugu yake wa Kiarabu ni h-s-b, ndo huohuo umetuletea *hesabu* na *hisabati*. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili ikisema "tumehesabiwa" inatumia neno la ukoo uleule wa Kiebrania, kitu ambacho Wazungu wengi hawana kwenye lugha zao. Au *kol* kwenye *khol hayom*, huyo ni ndugu wa *kila*. Ukishuka mpaka mstari wa 25 unakutana na *nafshenu*, nafsi yetu, hiyo wala haihitaji maelezo.

Sasa lile ninalotaka mlishike kuliko yote ni *tivhah*. Sisi tuna neno *dhabihu*, na ndugu yake kwa Kiebrania ni *zevah*, yaani kile kinachochinjwa mbele za Mungu madhabahuni, kwa heshima, kwa utaratibu, kuhani akiwepo. Mwandishi wa zaburi analijua neno hilo vizuri lakini hapa hakulitumia. Ametumia neno la jikoni na la buchani. *Tabbah* kwa Kiebrania ni mpishi au mchinjaji, kwenye 1 Samweli 9 Samweli anamwambia *tabbah* alete ile nyama aliyomwekea Sauli. Dada zetu waliofanya kazi Oman na Dubai wanalijua neno *matbakh*, jiko, ni mzizi huohuo. Kwa hiyo hawa watu wanaolia hawasemi "tumetolewa dhabihu takatifu", wanasema tumefanywa kitoweo. Hakuna utukufu wowote kwenye hiyo picha na mwandishi hakutaka uwepo, na mi naumia sana nikisikia mtu anaupamba huu mstari kana kwamba kuuawa ni jambo zuri.

Halafu *tson*, hiyo sio kondoo peke yao, ni kundi lililochanganyika mbuzi na kondoo, vile wafugaji wetu wanavyochunga. Mnyama wa kwenye *tson* hana jina, ni idadi tu.

"Kwa ajili yako" maana yake tumekufa ili Mungu afaidike, au?

*Aleikha* ukiichukua ilivyo ni "juu yako". Yaani wewe ndo sababu, tumeuawa kwa sababu sisi ni watu wako. Faida ya Mungu haimo kabisa, na kwa kweli mstari wa 12 umeshamwambia waziwazi kwamba amewauza watu wake kwa bei ya bure na hakupata kitu.

Lakini mwalimu, si kila anayeteseka kuna mahali alikosea? Mbona hawa hawatubu?

Hili ndo swali linaloniuma zaidi na ndo sababu hasa nilichagua huu mstari, kwa hiyo mnivumilie nitaongea kirefu.

Mama yangu mkubwa aliugua miaka, mwishoni alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, akaja mtu wa maombi (simtaji, wala kanisa lake silitaji) akakaa pembeni ya kitanda akamwambia mama tafuta dhambi uliyoificha ndo Mungu atakuponya. Yule mama alikaa wiki nzima anakumbuka makosa ya utotoni. Akafa akiwa bado anatafuta.

Sasa fungua Zaburi 44 anzia mstari wa 17. Watu wameshindwa vitani, wametawanywa kati ya mataifa, majirani wanawacheka na kutikisa vichwa, halafu wanasema: haya yote yametupata lakini hatukukusahau, wala agano lako hatukulivunja, moyo wetu haukurudi nyuma, miguu yetu haikuiacha njia yako. Kisha mstari wa 20 na 21 wanajiapiza kabisa, wanasema kama tungekuwa tumelisahau jina la Mungu au tumeinua mikono kwa mungu mwingine, kwani yeye asingejua, si ndiye anayezijua siri za moyo? Halafu ndo unakuja mstari wetu na ile *ki* ya mwanzo, ambayo hapa ina nguvu ya "la hasha, bali": sio kwa sababu ya dhambi, ni kwa ajili yako wewe.

Na hawa watu Kumbukumbu la Torati 28 wanaijua, ile sura ya baraka na laana, ukitii utashinda, usipotii utapigwa na kutawanywa. Wanaijua kabisa na wanamwambia Mungu uso kwa uso kwamba safari hii hesabu haikubali, tumetii na bado tumepigwa. Na maneno hayo hayakufutwa wala hayakurekebishwa, yaliwekwa kwenye kitabu cha nyimbo cha Hekaluni yaimbwe na watu wote.

Kwa hiyo mtu akija na ile "tafuta dhambi yako" mjibuni kwa Biblia hiyohiyo. Zipo zaburi za toba, 51 ni ya toba, huwezi kuikwepa. Ila hii ya 44 ni ya watu wanaosema hatuna hatia kwenye hili, na Maandiko yamewapa nafasi waseme.

Mstari unaofuata wanamwambia Mungu "amka, mbona umelala". Hiyo si kufuru?

Swali zuri na sio la leo, liliwasumbua watu Yerusalemu miaka zaidi ya 2000 iliyopita. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za walimu wa Kiyahudi) inasema Yohana Kuhani Mkuu aliwaondoa "waamshaji", na Talmudi (kitabu kikubwa cha walimu wa Kiyahudi kinachoifafanua Mishna) kwenye Sota 48a inaeleza ni kina nani: Walawi waliokuwa wanasimama kila siku jukwaani Hekaluni na kuimba *ura, lama tishan Adonai*, amka, kwa nini unalala ee Bwana. Yohana akawaambia kwani Mungu analala? Si imeandikwa kwenye Zaburi 121 kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali? Akawasimamisha. Wengi wanaamini huyu Yohana ndiye Yohana Hirkano, aliyetawala kuanzia mwaka 134 mpaka 104 kabla ya Kristo.

Sasa tazameni alichokifanya na ambacho hakukifanya. Aliusimamisha ule wimbo wa kila siku lakini mstari wenyewe hakuna aliyethubutu kuutoa, upo mpaka leo kwenye Biblia ya kila mtu. Mimi binafsi naona hivi, mtoto anayemgongea baba yake mlango usiku hamdharau, angekuwa anamdharau angeenda kugonga kwa jirani.

Iliandikwa lini?

Wataalamu hawajakubaliana. Kuna wanaoipeleka wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 au 587 kabla ya Kristo, kuna wanaosema ni kabla ya hapo kwa sababu mstari wa 9 bado unataja majeshi yetu, na kuna waliosema ni wakati wa Wamakabayo, Wayahudi walioinuka kumpinga mfalme Antioko. Zaburi yenyewe haisemi ni wakati wa mfalme gani wala vita gani, na nadhani hiyo ndo imeifanya iweze kuombwa na watu wa kila zama.

Wayahudi wenyewe wameusomaje?

Hapa kuna hazina kubwa. Nenda Talmudi ya Babeli, Gitini 57b. Kwanza kuna habari ya vijana 400, wavulana na wasichana, waliochukuliwa mateka wakapelekwa kutumiwa kwa uchafu, wakaamua kujitupa baharini, na Talmudi inasema mstari huu ni wao. Halafu Rav Yehuda anasema hapana, huu ni wa mwanamke na wanawe saba. Wakatoliki mnamjua kutoka 2 Wamakabayo 7, ambako mfalme ni Antioko na jambo lenyewe ni nyama ya nguruwe, ila kwenye Talmudi ni Kaisari na jambo ni kusujudia sanamu. Wanaletwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anakataa kwa kutaja mstari wa Torati, anauawa. Akifika yule mdogo mama yake anaomba ambusu kidogo tu, halafu anamwambia mwanangu nenda ukamwambie baba yako Ibrahimu, wewe ulifunga mtoto kwenye madhabahu moja, mimi nimefunga kwenye madhabahu saba. Kisha naye akapanda darini akajitupa akafa. Nimesoma hiyo mara nyingi na bado nikifika hapo inabidi nisimame kidogo.

Ila hawakuishia kwenye vifo. Palepale Rabi Yehoshua ben Levi anasema mstari huu ni tohara ya siku ya nane, na Rav Nahman bar Yitshak anasema ni wanafunzi wanaojiua kwa kusoma, yaani wanaojichosha wenyewe kwa ajili ya maneno ya Torati. Kwa hiyo kwao "kuuawa kwa ajili yako" kulipanuka kukawa pia ni kujitoa mwili kidogokidogo, siku kwa siku.

Halafu mwaka 1096, Wapiganaji wa Msalaba wakiwa njiani kuelekea Yerusalemu waliwashambulia Wayahudi wa bonde la mto Rhine, Speyer, Worms na Mainz. Waliambiwa wabatizwe au wafe, na wengine waliwaua watoto wao wenyewe na kujiua ili wasilazimishwe. Mimi ni Mkristo na nasema hili kwa uchungu, waliokuwa wanawahesabu wenzao kama kondoo wa kuchinjwa siku hizo walikuwa wamevaa msalaba. Hatuwezi kuusoma mstari huu kama vile sisi siku zote tumekuwa upande wa kondoo.

Na mpaka leo kwenye sala ya Kiyahudi ya Jumatatu na Alhamisi asubuhi kuna maneno yaliyochukuliwa humu: tazama kutoka mbinguni uone, tumekuwa kichekesho kati ya mataifa, tumehesabiwa kama kondoo wa kupelekwa machinjioni, na pamoja na hayo yote jina lako hatukulisahau, tunaomba usitusahau. Alhamisi, siku yetu sisi pia.

"Mchana kutwa", lakini mtu si anakufa mara moja tu?

Walimu wa zamani waliuliza hivyohivyo. Kwenye Sifre, ufafanuzi wa kale wa Kumbukumbu la Torati, Rabi Shimon ben Menasya anauliza inawezekanaje mtu auawe kila siku? Anajibu kwamba Mungu anawahesabia wenye haki kana kwamba wanauawa kila siku. Umeona alivyolirudia lile wazo la kuhesabiwa, japo kwa Kiebrania ametumia neno jingine. Kwenye zaburi adui ndiye anayehesabu, anaona nyama, lakini mwalimu huyu anasema kuna mwingine naye anahesabu. Na mzizi huohuo h-sh-b ndo uko Mwanzo 15:6, Abramu aliamini na Mungu *akamhesabia* kuwa haki. Hapo mi nilifunga kitabu nikatembea kwanza.

Kwani hawakujitetea? "Kama kondoo" si ina maana ya uoga?

Hapana, na tuwe waangalifu sana na hii. Tarehe 31 Desemba 1941 kwenye geto la Vilna (mtaa ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, huko Lithuania), maelfu wakiwa wameshauawa msituni Ponary, kijana mshairi anaitwa Abba Kovner aliandika tangazo likasomwa kwa vijana wenzake: tusiende kama kondoo machinjioni. Wiki chache baadaye wakaunda kikosi cha kupigana. Yeye alikuwa anawaamsha walio hai. Lakini baada ya vita watu wakaligeuza neno hilo wakawa wanawauliza nalo waliokufa, kwa nini mlienda kama kondoo, watu waliokuwa na njaa, na watoto mikononi, hawana silaha, wamedanganywa. Rudi kwenye sarufi: *tumehesabiwa*. Aliyewaona kama kondoo ni mwuaji. Wao walijua ni watu ndo maana wakalia.

Kwa hiyo huu ni unabii wa Yesu kama Isaya 53?

Picha zinafanana, Isaya 53:7 ina mwanakondoo apelekwaye machinjioni kwa mzizi huohuo wa *tivhah*. Ila kule ni *seh*, mmoja, na anafunga kinywa, huku ni kundi zima na wanapiga kelele. Msichanganye, kila kimoja kina kazi yake.

Paulo ameunukuu Warumi 8:36. Si ndo jibu lenyewe, tusome hapo tumalize?

Naomba tusikimbilie. Paulo anataja dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari na upanga, halafu ndo ananukuu mstari huu, kisha anasema hakuna kitakachotutenga na upendo. Ananukuu kutoka Kigiriki ambacho kimesema "tunauawa", wakati uliopo, ndo maana Biblia zetu nyingi zimekuja na "tunauawa" wakati Kiebrania ni "tumeuawa". Kwa Paulo ilikuwa ni kweli ya wakati uliopo, aliandika kwa watu wa Roma ambako upanga ulikuwa karibu.

Lakini angalieni kwamba hakuchagua mstari wa ushindi. Zaburi za ushindi ziko nyingi na alizijua. Alichukua kilio cha watu wasio na hatia, maana alihitaji kuwaambia wasomaji wake kwamba upanga ukija msidhani mmekataliwa, watu wa Mungu walishapita hapa na walikuwa waaminifu. Ukiruka Zaburi 44 ukaanzia na "tunashinda na zaidi ya kushinda", utakuwa umeupata mwisho wa mazungumzo bila kujua yalianzaje.

Kuna Wayahudi huku kwetu wanaoisoma?

Wapo, Abayudaya, karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alianza kuishika imani hiyo mwaka 1919, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wanaimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiluganda. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979. Tohara ya siku ya nane, ile ya Rabi Yehoshua, kwao haikuwa nadharia.

Naweza kumsomea mgonjwa au mfiwa?

Ndiyo, ila msomee kuanzia mstari wa 17 mpaka mwisho, usimsomee wa 22 peke yake. Soma polepole, halafu nyamaza. Usieleze kitu. Akilia mwache alie, akitaka kurudia "amka, mbona umelala" mwache aseme, usimkatize na Warumi. Kama siku nyingine atakuomba Warumi mwenyewe basi mpe.

Sasa Mungu aliwajibu nini?

Ndani ya zaburi hakujibu. Nimetafuta sana, hakuna. Zaburi nyingi za kilio zina mahali zinageuka, ghafla mtu anasema "Bwana amesikia", hii haina. Inaisha wakiwa wamelala kifudifudi, nafsi imeinama mavumbini, tumbo limegandamana na ardhi, wanasema *kuma ezrata lanu*, inuka utusaidie, *ufdenu lemaan hasdekha*, utukomboe kwa ajili ya fadhili zako. Hapo ndo wimbo umekatika. Hawakuomba kwa ajili ya uaminifu wao, japo wameutetea mistari mitano mizima, wameomba kwa ajili ya fadhili zake.

Ukifunua ukurasa unakuta Zaburi 45, na hiyo ni wimbo wa harusi ya mfalme, mavazi yananukia manemane, vinanda vinapigwa, bibi harusi anaingizwa. Waliozipanga zaburi waliziweka hizo mbili pamoja bila neno lolote la kuziunganisha. Alhamisi hii tunaanzia hapo, saa kumi na moja jioni, aje kila mtu na Biblia yake na daftari.